Jibu: Kwa nini wahudumu wa ambulensi hawakujaribu kumfufua mzee?

Habari ndugu, poleni sana kwa msiba. Umeuliza kwa nini wahudumu wa ambulensi huko Uingereza walimkuta mzee kitandani wakasema amefariki bila hata kumkandamiza kifua.

Cha kwanza kuulizia ni walichokiona mwilini. Taya likishakakamaa halifunguki. Ukimgeuza, mgongo una madoa ya zambarau, ila pale palipogandamizwa na godoro pamebaki peupe: ni damu iliyotuama. Dalili hizo zikiwa wazi zinatosha, na kumkandamiza hapo ni kumsumbua marehemu bure.

Zisipokuwepo, kwa kawaida ufufuaji huanza papo hapo. Mashine ya kupimia mapigo ya moyo ikionyesha mstari mnyoofu zaidi ya dakika 20 licha ya huduma kamili, na hakuna chanzo kinachotibika, wanaweza kuacha. Ila hukagua waya kwanza, maana kibandiko kikibanduka kifuani mstari huwa uleule. Kuthibitisha kifo, humulika mboni kwa tochi, husikiliza kifua.

Aliyepoa mno kwa baridi ni habari nyingine: mapigo huwa hafifu sana, hivyo huendelea kumkandamiza huku akipashwa joto hospitalini.

Cheti cha sababu ya kifo huandikwa na daktari, msiwadai wahudumu wa ambulensi.