Mama kameza dawa mara mbili, tufanyeje?

Shikamoo dokta. Mama yetu ana miaka 74, tuko nae Moshi, huu mwaka wa pili anasahau sana. Presha anatibiwa hospitali moja, sukari nyingine, na dokta wa tatu alimwandikia vidonge vya usingizi, kliniki siku nampeleka mimi siku mdogo wangu, kaka yuko Dar anatuma hela. Wiki iliyopita jioni nikamkuta kalowa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki, kupima sukari 2.6! Kumbe glibenklamaidi, ile dawa yake ya sukari, mdogo wangu alishampa, mama akasahau akameza tena. Tukamnywesha soda akazinduka. Majirani wanasema karogwa.

Marahaba binti. Hapo hajarogwa mtu, sukari ilishuka, chini ya 4 tayari ni ya kuogopa. Soda mlifanya vizuri, ila mlitakiwa mumpeleke hospitali usiku uleule maana hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka, sukari inaweza kushuka tena nyie mmelala. Na hao majirani waambie utafiti wa hapo wilaya ya Hai, jirani zenu, uliotoka 2013 ulikuta kama watu 6 katika kila 100 wa miaka 70 kwenda juu wana dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, sasa wote hao wamelogwa na nani?

Shida yenu naiona hivi, mama ana madokta watatu na hakuna anayejua mwenzie kaandika nini. Chukueni kikapu, tieni dawa ZOTE, hata Piriton ya mafua (ndio, hiyo hiyo, kwa wazee inazidisha kuchanganyikiwa), mpelekeeni dokta mmoja mtakayemchagua awe ndio msimamizi, azipitie moja moja. Muulizeni kama glibenklamaidi inaweza kubadilishwa, na hivyo vya usingizi kama bado vina kazi maana vinaangusha wazee. Msiache dawa wenyewe lakini.

Halafu dawa zifungiwe, ufunguo ukae na mtu mmoja, na kila dozi iandikwe kwenye kaunta buku, saa ngapi na nani kampa. Hilo daftari ndio liende kila kliniki. Akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili msiseme ndio ugonjwa wake unakua, wahini hospitali wapime sukari, malaria, mkojo.

Kaka wa Dar nae siku ya kliniki apigiwe, simu iwekwe spika mbele ya dokta, asije akapinga baadae.