Mwalimu mkuu ndiye mwenye saa zetu

Mliuliza wiki hii: mwalimu wa shule ya msingi akifundisha vizuri au vibaya, chanzo ni yeye mwenyewe, mazingira ya kazi, au mwalimu mkuu? Nafundisha gredi ya tatu katika shule ya umma jijini Nakuru, na jibu langu ni mwalimu mkuu. Hawezi kuniongezea mshahara, maana huo hupangwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Hawezi pia kujenga madarasa kwa mfuko wake. Lakini muda wangu pamoja na watoto uko mikononi mwake.

Tufanye hesabu. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 80, na katika mitaa iliyosongamana kama Kaptembwa na Rhonda hilo halimshangazi mtu, kila mmoja akisoma kwa sauti anapata sekunde 22. Na mtaala wa umilisi, ule unaopima anachoweza mtoto kutenda, unanitaka nimjue kila mtoto: nani amezidi matarajio, nani anayakaribia, nani yuko chini. Sasa mwalimu mkuu akiita kikao cha ghafla saa tatu asubuhi, au akinitoa darasani nikakusanye pesa za chakula, hata hizo sekunde 22 hazipo tena. Kuna mtoto atakayefunga muhula bila mwalimu kumsikia akisoma.

Nilipoanza kazi, mwalimu mkuu tuliyekuwa naye alituongoza kwa hofu. TPAD, ule mfumo wa kutathmini walimu ambao TSC iliusambaza nchini mwaka 2016, aliushika kama fimbo. Darasani mwangu hakuingia, ila mwisho wa muhula alidai karatasi: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, rekodi za kazi. Basi jioni majilisini tuliinamia fomu huku madaftari ya watoto yakirundikana bila kusahihishwa. Ukaguzi ulipokuja, faili zetu zilipendeza sana.

Aliyemfuata ni mama mpole, lakini kwenye ratiba hakuwa na mzaha. Mikutano yote aliihamishia baada ya masomo. Alikuja darasani, akaketi nyuma kwenye dawati la watoto, akapekua madaftari yao. Baadaye, tukiwa wawili tu, akaniuliza: “Mwalimu, yule msichana wa karibu na mlango, mbona tangu Jumatatu hajanakili kitu?” Kumbe macho yalimsumbua. Tukamketisha mbele, mamake akaitwa. Hiyo ndiyo tathmini ninayoitamani, ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake, juu ya mtoto anayejulikana.

Kisha pesa. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420, kwa mwaka mzima, na mara nyingi huchelewa. Wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, anatengewa 15,042. Hakuna kiongozi awezaye kuzifanya 1,420 zitoshe. Huyo mama alichofanya ni kubandika majilisini karatasi ya kilichoingia na kilichotumika, chaki kwa chaki. Minong'ono ikapungua. Walimu walioajiriwa na bodi ya shule, ambao malipo yao hutegemea michango ya wazazi, wakawa angalau wanaambiwa mapema mwezi ukiwa mbaya, badala ya kuzungushwa ofisini huku nauli ya matatu ya kesho hawana.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu wakuu wote wanaoshindwa. Tangu gredi ya saba iletwe kwenye shule za msingi Januari 2023, mtu mmoja anaongoza walimu wa chekechea walio chini ya kaunti, walimu wa TSC, na wale wa bodi. Miongoni mwa wale wa sekondari msingi wamekuwapo wanagenzi, yaani walimu walio kazini kwa mkataba wa mafunzo, wenye shahada wanaolipwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Uchungu wao nauelewa kabisa. Lakini anayeupokea kila asubuhi ni mwalimu mkuu, ambaye huenda alipandishwa cheo kwa kuwa hodari wa hesabu darasani, akakabidhiwa ofisi isiyo na karani. Anajaza takwimu, anatafuta risiti, anamwita fundi wa choo, anapatanisha wazazi. Saa ngapi ataketi nyuma ya darasa langu? Serikali ikitaka kuinua ufundishaji, ianze kwa kuajiri karani katika kila shule ya msingi. Ni gharama ndogo kuliko semina nyingi ninazoziona.

Nanyi wazazi mlio kwenye bodi za usimamizi, zilizowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mna haki ya kuuliza. Mkutanoni huwa mnauliza alama tu. Muhula ujao ulizeni ni vipindi vingapi vya gredi za chini havikufundishwa, kwa sababu gani, na nani alikuwa na watoto wakati huo.