Mirunda isitoke bila saini ya mhandisi

Mkuu, usimruhusu huyo fundi aguse mirunda, zile nguzo za muda zinazobeba slabu, Jumamosi. Umesema slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, mmemwaga wiki iliyopita, fundi anataka mbao zake apeleke saiti nyingine, na anakuhakikishia "imeshashika, ukigonga inalia". Mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji inakula maji na kukomaa taratibu, ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28. Siku ya 7, kwa saruji ya kawaida na ukimwagilia vizuri, limefika kama theluthi mbili tu. Juu unaona jiwe, kumbe ndani bado changa.

Kwangu walitoa mirunda mapema, tena wakaanzia ukutani kuja katikati. Ni kinyume! Chumba hulegezwa kuanzia katikati kwenda kwenye bimu (mihimili ya zege inayobeba slabu), na roshani inayoning'inia huanzwa kule nchani. Juu ya slabu walikuwa wamesharundika tofali za kuta za juu. Jioni ile hapakuwa na kitu. Kulipokucha, chini ya dari ya sebule ulikuwepo ufa umekatiza kutoka bimu hadi bimu. Tukavuta uzi wa mwashi, katikati pameshuka. Fundi akasema ni ufa wa kawaida, plasta itauficha. Plasta! Watoto wangu walale chini ya plasta?

Mhandisi akaamuru kipande chote cha sebule kivunjwe. Nondo upya, saruji upya, kokoto upya, vibarua wa kuvunja, gari la kifusi. Slabu moja nimeilipia mara mbili na chenji. Fundi hakurudisha hata senti, na simu hapokei mpaka leo.

Na nyie mliotangulia kuandika "fundi ana uzoefu, mwache afanye kazi", mnampoteza mwenzenu. Rubani mwenye maelfu ya saa angani bado anapitia orodha yake kabla ya kuruka. Chumba cha upasuaji, wauguzi wanahesabu vitambaa na vifaa kabla mgonjwa hajafungwa, hata daktari awe bingwa wa mabingwa. Uzoefu haujawahi kufuta utaratibu, kwa sababu mzoefu ndiye anayeacha kuhesabu.

Fundi atakwambia zege halilali. Sawa, halilali wakati wa kumwaga. Likishamwagwa liache lilale, limwagiliwe asubuhi na jioni, lifunikwe viroba vyenye maji. Siku ya kutoa mirunda inategemea upana wa chumba, saruji iliyotumika na mzigo utakaokaa juu. Anayeijua ni mhandisi aliyepiga hesabu za nondo zako, na aiandike kwenye daftari la saiti, asaini. Neno la mdomo usilipokee, hata likitoka kwake.

Ya vigae na rangi uliyouliza yatakuja baadaye. Mpigie mhandisi leo, na mlinzi wa saiti mwambie gari la kubeba mbao lisiingie getini.