Ukitaka mtoto atoke nje, vaa raba na wewe

Nyumbani kwetu amri ya "nendeni mkacheze nje" haina meno. Ukiitoa, binti yangu wa miaka 12 anauliza, "Tukacheze nini?" Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 7, anadakia, "Na nani?" Kisha wote wawili wanarudisha macho kwenye skrini. Swali la huyo mdogo ndilo lenye uzito. Mtoto wa umri wake hatoki kwa sababu ameelezwa faida za mazoezi, anatoka kwa sababu yupo mtu wa kutoka naye. Na kwa miaka mingi ya mwanzo mtu huyo ni mzazi, dada, kaka, mjomba au bibi, yaani yeyote anayeishi naye au anayefika mara kwa mara.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafikishe wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili, za nguvu ya kati hadi kubwa. Angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za kuhemesha hasa, pamoja na zile za kuimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia, kuruka na kupanda. Kwa kuwa ni wastani, Jumanne iliyomezwa na kazi za shule inaweza kufidiwa Jumamosi. Wala dakika hizo si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Watoto huchomoka mbio, wakasimama, wakachuchumaa kumwangalia mdudu, wakachomoka tena, na hiyo ndiyo namna yao. Kumlazimisha mtoto wa miaka 7 akimbie nusu saa bila kupumzika kama mtu mzima ni kumchosha bure.

Kupima nguvu hakuhitaji kifaa. Msikilize tu: akiwa kwenye nguvu ya kati ataweza kuongea lakini hataweza kuimba. Ikipanda, atatoa maneno mawili matatu kisha avute pumzi.

Wale walio chini ya miaka 5 wanahitaji muda mrefu zaidi, jambo linalowashangaza wengi. Kuanzia mwaka 1 hadi 4 ni dakika 180 kwa siku, zikiwa zimetawanyika asubuhi hadi jioni, na akifikisha miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuchangamka kwelikweli. Asifungwe kwenye kiti, kigari au mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo. Kwa umri huu familia haina haja ya kubuni mchezo. Ondoeni vitu vya kuvunjika, mwachieni nafasi.

Kati ya vyote tulivyojaribu sisi, kilichodumu ni kamba. Sababu ni kwamba kamba ina nafasi ya kila mtu. Ncha moja tunaifunga kwenye nguzo, nyingine naishika mimi au baba yao, na bibi yao, ambaye magoti hayamruhusu kuruka, anakaa kitini kuhesabu. Usidharau kazi hiyo ya kuhesabu. Siku bibi hayupo mchezo unapoa haraka, maana hakuna hakimu wa kusema "hiyo haikuhesabika, mguu umegusa!" na hakuna wa kubishana naye.

Mdogo alipoanza hakuweza kuruka hata mara moja, kwa sababu alikuwa anaitazama kamba ikipita juu ya kichwa na kuingiwa na hofu. Tukaacha kuizungusha, tukawa tunaiyumbisha tu chini, kushoto na kulia, naye anairuka kama mtaro. Alipozoea tukaizungusha polepole, nikamwambia asiitazame, asikilize: kila inapogonga sakafu, ruka. Hapo akaipata. Kama mtoto anaruka kwa kamba yake mwenyewe, mwambie aikanyage katikati kwa mguu mmoja na avute ncha mbili juu. Zikimfika kwapani, urefu unatosha. Zikipita mabega, atajikwaa kila mara na kudhani tatizo ni yeye.

Kama mko ghorofani au mvua haikatiki, wekeni muziki mcheze. Densi inahesabika kama mbio zinavyohesabika, na hainunuliwi raba. Kudeki, kubeba vitu, kwenda shule kwa miguu pale ambapo njia ni salama, navyo vinahesabika mradi vimfanye apumue kwa nguvu kidogo.

Niliposema kudeki nikakumbuka jambo linalonikera katika familia nyingi, hata zile zinazojiona za kisasa. Watoto wanacheza pamoja, halafu saa ya kazi za ndani inapofika anaitwa msichana peke yake. Kaka yake anaendelea na mpira. Fanya hivyo miaka kadhaa, kisha ushangae kwa nini binti "hapendi michezo". Takwimu za WHO za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikisha kiwango kile cha dakika 60: wasichana asilimia 85, wavulana asilimia 78. Wavulana nao hali ni mbaya, sikatai. Lakini pengo hilo halitokani na mifupa ya wasichana, na sehemu yake hutengenezwa nyumbani. Gawa kazi, kisha wote watoke kwa wakati mmoja.

Binti yangu alipokaribia kubalehe aliacha kukimbia ghafla. Nilipomuuliza mbele ya wengine alijibu "nimechoka". Nilipomuuliza tukiwa wawili jikoni alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, wananiangalia." Hapo hotuba ya afya haisaidii kitu. Tulichofanya ni kununua sidiria ya michezo inayobana vizuri na bukta nyeusi, na kukubaliana kwamba siku za hedhi aamue mwenyewe. Hedhi yenyewe haikatazi mazoezi, na wengine maumivu ya tumbo huwapungua wakijinyoosha au kutembea, lakini uamuzi awe nao yeye. Mama yake mdogo akajitolea kutembea naye kwa kasi jioni. Wakiwa njiani wanaongea mambo ambayo mimi siambiwi, na ninaridhika isivyo kawaida.

Umri huo unataka mzazi arudi nyuma hatua moja. Mdogo anataka ucheze naye. Huyu mkubwa anataka umlipie nauli, umpokee kwa wakati, na usipige kelele ukiwa pembeni mwa uwanja. Mwache achague mchezo, hata kama wewe ulikuwa bingwa wa mwingine.

Skrini sitaizungumzia sana, kila mtu ana vita vyake. Kwetu utaratibu ni mmoja: mwili kwanza, skrini baadaye, na chaja zote zinakaa sebuleni, za wazazi zikiwemo. Hizo za wazazi ndizo zilizoleta ubishi mkubwa zaidi.

Kuna mawili ambayo sikubaliani nayo kabisa. La kwanza ni kufanya mazoezi kuwa adhabu. Mtoto akichelewa kuamka anapigishwa pushapu, akijibu vibaya anazungushwa uwanja, halafu wikendi tunamwambia mazoezi ni raha. Atuamini kwa lipi? La pili ni maneno ya ndugu kuhusu mwili wake. Mgeni anaingia tu, "Eh, huyu bonge bado hamjamkimbiza?" Kaka yangu alizoea utani huo kwa mwanangu wa miaka 7. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Kaka, ukimwita hivyo tena hatatoka nje siku utakayokuja. Mwambie mcheze mpira." Alinuna kidogo, akacheza. Mtoto anayeambiwa akimbie ili apungue ataacha siku atakapoona hajapungua. Anayekimbia kwa sababu mjomba hajui kudaka, huyo ataomba mjomba arudi.

Mdogo huyo ana pumu, kwa hiyo nimalizie kwa wenye watoto wa aina yake. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kucheza. Sisi tulimuuliza daktari aina ya michezo, na kama avute dawa kabla ya kuanza, tukapewa maelekezo yaliyoandikwa, na kila mtu mzima wa nyumbani anajua pampu ilipo. Mwambieni na mwalimu wa michezo. Watoto wenye ulemavu nao wamo kwenye mwongozo uleule wa WHO, na swali la kumuuliza mtaalamu ni "afanyeje?", badala ya "afanye au asifanye?"

Kinachotaka hospitali bila kungoja ni mtoto kuzimia akiwa anakimbia, kuumwa kifua, au moyo kumwenda mbio bila mpangilio akicheza. Msimamishe, na asirudi uwanjani mpaka apimwe. Mkifika huko mtaulizwa kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana au aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Waulizeni wazee mapema, pande zote mbili, ya baba na ya mama, muandike majibu.