Mfamasia Anajibu: Misuli Inayokakamaa kwa Mgonjwa wa MS

Barua za wiki hii zimehusu MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Amri ya kulegea haiifikii misuli sawasawa, nayo hukaza. Wengi mmeniita dokta. Mimi ni mfamasia.

Mke wangu alianza baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, nusu kidonge mara tatu kwa siku. Sasa anameza viwili mara tatu. Miguu haikakamai tena, ila magoti yanamlegea, na juzi kaanguka bafuni. Dawa imemharibu? (Morogoro)

Haijamharibu, kaka, imepita mahitaji yake. Wapo wagonjwa ambao ule ugumu wa mguu ndio mkongojo wao: misuli ni dhaifu, na mkazo ndio unaowashikilia wanapoinuka kitandani. Ukiuondoa wote, unabaki udhaifu mtupu. Hatutafuti mguu laini kama kitambaa. Tunataka alale usiku, avae nguo bila kushindana na mguu, na bado asimame.

Vidonge vyenu, kwa hesabu yangu, ni vya miligramu 10, kwa hiyo alianza na 15 kwa siku na sasa yuko 60. Wengi hawavuki 80, lakini hicho ni kikomo, si lengo. Rudini kwa daktari na daftari: saa aliyomeza, saa magoti yalipolegea, saa mguu ulipoanza kucheza kama wa fundi kwenye cherehani. Huenda akapunguza dozi ya mchana na kuiacha ya usiku. Muulizeni pia habari za figo, maana baklofeni hutoka kwa mkojo. Figo zikichoka, dozi ya kawaida hugeuka kubwa.

Vidonge vya baklofeni vimeisha, na duka la hapa halina hadi Jumatatu. Nikisubiri kuna ubaya? (Lindi)

Upo, tena mkubwa. Baklofeni haikatwi ghafla. Misuli hukaza kuliko mwanzo, mtu akaona vitu visivyokuwepo, hata akapata degedege. Piga simu leo hospitali ulikoandikiwa. Hata siku ya kuiacha ikifika, hupunguzwa pole pole. Na safari ijayo anza kuitafuta ukiwa bado na vidonge vya wiki mbili. Mnajua wenyewe kwamba dawa hii haikai kila duka.

Natumia tizanidini ya kulegeza misuli. Nilipata UTI, miguu ikakaza kupita kiasi, nikauziwa antibiotiki ya sipro. Nilipomeza nikashikwa na usingizi na kizunguzungu, nusura nizimie. (Mombasa)

Dada, hizo mbili hazikai pamoja kabisa. Sipro huzuia ini kuivunja tizanidini, na kiasi chake mwilini kinaweza kupanda karibu mara 10. Presha inaporomoka. Usimeze sipro nyingine. Nenda leo ukapimwe presha na upewe antibiotiki tofauti. Nalaumu mauzo ya dirishani: sipro hutolewa kama peremende, na hakuna anayeuliza unatumia nini kingine.

Jambo la pili umelitaja mwenyewe bila kujua. UTI ndiyo iliyokaza miguu. Mkakamao ukizidi ghafla, tafuteni chanzo kabla ya kuongeza dawa: mkojo, choo kigumu, kidonda cha makalio, ukucha ulioota ndani, hata kiatu kinachobana. Mgonjwa huenda asihisi maumivu, lakini uti wa mgongo unayapokea na misuli inajibu.

Eti sindano ya kuondoa makunyanzi hutibu misuli? (Arusha)

Ndiyo, ni sumu ileile ya botulinamu. Inafaa pale misuli michache ndiyo inayosumbua, mathalani mapaja yanayobanana hadi kumsafisha mgonjwa inakuwa vita. Nguvu yake huisha baada ya miezi 3 hivi. Bila mazoezi ya kunyoosha viungo, pesa yenu imeliwa.

Mjomba anasema bangi ndiyo dawa yenyewe. (Dodoma)

Mjomba kasikia nusu. Uingereza ilisajili mwaka 2010 nabiksimolsi, dawa ya kupuliza mdomoni iliyotokana na bangi, kwa wagonjwa wa MS ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Kila mpulizo una kipimo chake, na huko mgonjwa hujaribishwa wiki 4. Asipopata nafuu, inaachwa. Msokoto wa mtaani hauna kipimo, na polisi wa Dodoma hawatamuuliza mjomba kama ana cheti cha daktari.