Hela ya serikali na masomo ya nyumbani: tulipokea kwa mtoto mmoja, tukakataa kwa mwingine

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani hapa Marekani wameacha kuniuliza habari za hisabati, au mtoto atapata wapi marafiki. Siku hizi swali ni hela. "Mama, jimbo linatoa dola elfu saba kwa mtoto, nichukue?" Anayeuliza mara nyingi ameshafungua fomu kwenye simu na anatafuta mtu wa kumwambia bonyeza.

Siwezi kumwambia bonyeza wala acha, kwa sababu sisi wenyewe tumefanya yote mawili. Tunaishi Arizona. Binti yetu anasoma kwa fedha za jimbo, kaka yake tunamlipia wenyewe. Wanakaa meza moja, wanagombania kifutio kimoja, mwalimu wao ni mmoja na ndiye mimi. Ila kisheria hawa ni wanafunzi wa aina mbili, na ushauri wangu wote unaanzia hapo.

Kwa kaka mtu, tulipeleka hati ya kiapo kwa msimamizi wa elimu wa kaunti, imeshuhudiwa kisheria, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hati hiyo inasema tutamfundisha kusoma, sarufi, hisabati, maarifa ya jamii na sayansi. Basi. Arizona haimtaki mtoto huyu afanye mtihani, wala hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Kwa dada yake tulisaini mkataba wa kile kinachoitwa Empowerment Scholarship Account, yaani akaunti ambayo jimbo humwekea mtoto fedha za masomo. Masomo yanayotajwa ni yale yale matano. Lakini ukishasaini huruhusiwi kuwa na hati ya kiapo, na kama ulikuwa umeipeleka unaiondoa. Pia unaiachilia wilaya ya shule kutoka kwenye wajibu wake wote wa kumsomesha mwanao. Kwa maneno mengine, mtoto anasomea nyumbani, lakini sheria haimhesabu kuwa mwanafunzi wa nyumbani.

Wengi hawalijui hili hadi wasome mkataba, na wengi hawausomi.

Si Arizona peke yake. Florida ilipopanua mpango wake wa kutoa fedha za masomo mwaka 2023 ilitengeneza kundi jipya kabisa, Personalized Education Program, lililo nje ya sheria ya zamani ya elimu ya nyumbani. Ukiingia huko unatoa tamko la kiapo, unaandaa mpango wa masomo wa mtoto, na kila mwaka anafanya mtihani wa kumlinganisha na wenzake wa taifa zima. Mzazi aliyebaki kwenye sheria ya zamani naye anapimiwa mtoto kila mwaka, lakini anaweza kumpelekea mwalimu mwenye leseni daftari na kazi za mtoto zikaangaliwa, mambo yakaishia hapo. Sisemi mtihani ni mbaya. Nasema kabla ya kuuliza unapewa kiasi gani, uliza utaitwa nani baada ya kusaini.

Wazee wa harakati za masomo ya nyumbani wanakuwa wakali kuhusu jambo hili, na zamani niliwaona wanatia chumvi. Nilipojifunza walikotoka nikawaelewa. Miaka ya themanini kulikuwa na majimbo ambako kumsomesha mtoto nyumbani kulimfikisha mzazi mahakamani. Shirika la kuwatetea kisheria, HSLDA, liliundwa mwaka 1983 kwa ajili ya kesi kama hizo, na hadi kufikia 1993 ndipo ikawa halali katika majimbo yote 50. Walishinda bila kupokea senti ya serikali, na hoja yao kubwa bungeni ilikuwa hiyo hiyo: hatuombi chochote, tuacheni. HSLDA hadi leo ina wasiwasi na fedha hizi. Hofu yao ni kwamba wabunge wakizoea kuona elimu ya nyumbani kama kitu wanachokilipia, siku ya kutunga masharti hawatamtenganisha aliyepokea na asiyepokea.

Nakubaliana nao nusu. Anayelipa ana haki ya kuuliza hela yake imekwenda wapi. Mimi ningekuwa mlipa kodi nisiye na mtoto ningeuliza pia. Lakini dawa ya hofu hiyo naiona katika kuyaweka makundi mawili mbalimbali, kama Arizona na Florida zilivyofanya. Ukichukua hela, kubali jina linaloambatana nayo, na usisimame mbele ya kamati ya bunge kudai wewe ni sawasawa na yule aliyepeleka hati ya kiapo tu. Hapo ndipo unapomharibia mwenzako.

Sasa kwa nini tulichukua. Binti yetu ana shida ya usemi. Tathmini ya wataalamu ilisema anahitaji tiba ya usemi kila wiki, kwa muda mrefu. Yeyote aliyewahi kuulizia bei ya saa moja ya mtaalamu huyo nchi hii anajua kwa nini sikuhitaji kuita kikao cha ukoo. Akaunti hizi Arizona zilianza mwaka 2011 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Ilikuwa 2022 ndipo zilipofunguliwa kwa mtoto yeyote. Mtoto asiye na mahitaji maalumu hupata takribani dola 7,000 kwa mwaka, na mwenye mahitaji anaweza kupata zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, kutegemea aina ya ulemavu. Kwa binti yetu hesabu ilikuwa wazi. Hakuna uhuru nitakaoulinda kwa kumnyima mtoto sauti yake.

Lakini jambo moja lazima liangaliwe na mzazi wa mtoto kama huyu. Katika shule ya umma, sheria ya shirikisho inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu inayomfaa bila malipo, na mzazi asiporidhika ana njia rasmi ya kulalamika. Ukitoka, haki hiyo haikufuati nyumbani. Unapewa fedha, na fedha zikiisha kabla ya mwaka kuisha, wa kumwendea hayupo. Kama shule yako ya umma inamhudumia mtoto vizuri, fikiri sana kabla ya kubadilisha haki kwa salio la akaunti.

Kwa kaka yake hatukuona sababu. Vitabu vyake vingi vinatoka maktaba ya umma, mtaala wa hisabati tulirithi kwa rafiki, kijana anasoma vizuri. Tungepokea, tungetafuta cha kununua. Hili ndilo ambalo wahubiri wa pande zote mbili hawalisemi: hela ya masomo iliyokaa kwenye akaunti ina tabia ya kukupangia masomo. Inaingia kila robo mwaka, na ukiona salio unaanza kufikiri mtoto anahitaji hadubini, halafu darasa la roboti, halafu mwalimu wa fidla ambaye mtoto mwenyewe hakumwomba. Nimeingia nyumba ambazo stoo imejaa vifaa vya kufundishia ambavyo plastiki yake haijachanwa. Arizona hela isiyotumika inabaki, na inaweza kuja kumsaidia mtoto akifika chuo, kwa hiyo hakuna haraka ya kuimaliza. Mimi huandika mahitaji ya muhula mzima kwanza, kwenye karatasi, kabla sijaangalia salio. Kisichokuwemo hakinunuliwi hadi muhula mwingine.

Kuna na bei. Tangu akaunti zifunguliwe kwa wote, baadhi ya walimu wa ziada na vikundi tulivyovizoea wamepandisha ada, na wengine hukuuliza mapema kama unalipa mwenyewe au kwa akaunti. Anayelipa mwenyewe naye anaumia. Usione aibu kuomba bei ya mlipaji binafsi. Wapo wanaoitoa, ila hawaitangazi.

Halafu karatasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku utainama sana: ankara yenye jina la mtoto, maelezo ya huduma, sifa za mwalimu, risiti. Kujilipa wewe mwenyewe mzazi kwa kumfundisha mwanao hairuhusiwi, maana kuna wanaodhani ndiyo maana ya mpango. Na kinachokubalika leo kinaweza kuhitaji maelezo kesho. Mwaka 2024 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona ilitaka vifaa vya ziada viambatane na mtaala unaoonyesha vinahitajika, na ghafla wazazi wakajikuta wanaandika kwa nini mtoto wa chekechea anahitaji penseli. Mambo yakafika mahakamani. Siku hizi kila ninachonunua nakihifadhi na ukurasa wa mtaala unaokitaja, hata kama hakuna aliyeniuliza. Kama wewe ni mtu wa kupoteza risiti kati ya duka na gari, jumlisha hilo kwenye gharama.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usiijenge ratiba ya mtoto juu ya hela ambayo mahakama au bunge linaweza kuikata katikati ya mwaka. West Virginia ilipitisha mpango wake wa akaunti kama hizi, Hope Scholarship, mwaka 2021. Julai 2022, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, jaji akausimamisha mpango mzima, na familia zikasubiri hadi Oktoba mahakama ya juu ya jimbo ilipouruhusu. Mpango wa Utah nao ulianza na dola 8,000 kwa kila mtoto. Mwaka 2025 wabunge wakapunguza kwa wanaosomea nyumbani: 4,000 kwa wenye miaka 5 hadi 11, 6,000 kwa waliozidi hapo, na wakaweka kikomo cha asilimia 20 kwa michezo na asilimia 20 kwa shughuli za nje ya masomo. Mwaka huo huo jaji akasema mpango wenyewe unakiuka katiba ya jimbo, ingawa uliendelea kufanya kazi wakati rufaa inashughulikiwa. Fikiria mama aliyeacha kazi kwa kutegemea 8,000.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Kaa na mwenzako mwandike: hela hii isipokuja Januari, ni kitu gani kitasimama? Kama jibu ni darasa la kuogelea, pokea ukitaka. Kama ni kodi ya nyumba, kwa sababu mmoja wenu ameacha kazi, msipokee kwa mpango huo. Tafuteni kwanza namna ya kuishi bila hiyo. Kwetu jibu lilikuwa tiba ya usemi, na hiyo haiwezi kusimama. Tukaweka akiba ya kutosha kuilipia muda fulani wakati tunatafuta njia nyingine, na mtaalamu tukamweleza mapema hali yetu ilivyo.

Anayeishi katika jimbo linalotumia nafuu ya kodi badala ya akaunti ana mzigo mwepesi zaidi, nadhani. Oklahoma, kwa mfano, inatoa hadi dola 1,000 kwa mtoto anayesomea nyumbani: unatumia kwanza hela yako, unaweka risiti, unadai wakati wa kodi. Kiasi ni kidogo, na asiye na hela mkononi hakimsaidii. Ila ununuzi unauamua mwenyewe bila kusubiri idhini, na sioni cha kukataa. Texas nayo, kwa sheria ya mwaka 2025, imetenga hadi dola 2,000 kwa mtoto wa nyumbani kuanzia mwaka wa masomo 2026-27. Watu wa Texas nawaambia wapige hesabu kwa utulivu, kwa sababu jimbo lao halidai hata taarifa kwa anayesomesha nyumbani. Kwa kuomba unaingiza jina la mtoto kwenye orodha ambayo hukulazimika kuwemo. Dola 2,000 zinaweza kukutosha kwa hilo. Kwa mtoto wetu wa kiume zisingenitosha.

Ukiamua kutoka Arizona, fuata mpangilio. Funga akaunti kwa maandishi na ubaki na uthibitisho, ukijua salio litarudi serikalini. Halafu peleka hati ya kiapo kaunti. Sheria inakupa siku 30 tangu mtoto aanze masomo ya nyumbani, lakini usizingoje, kwa sababu katikati ya hapo mtoto hayuko kwenye mkataba, hayuko kwenye kiapo, na hajaandikishwa shule. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari mezani kabla hujafunga chochote. Cha binti yetu nimeshatoa nakala.