Ukipewa kanzu na kipande: ushauri kwa vijana wanaoigiza mambo ya zamani

Kuna hii sauti vijana hutoa wakipewa tamthilia ya zamani, unaijua. Skripti ikishasema 1922 tu, mtu anashusha sauti hadi tumboni, anainua kidevu, anatembea polepole, kila neno linatoka kama tangazo la kifo redioni. Nimeigiza hapa Nairobi muda sasa, setibuku kwa shule za upili, kumbi za tao, na kuna msimu tulicheza hadithi ya kukamatwa kwa Harry Thuku, yule aliyetetea wafanyakazi Waafrika enzi za ukoloni, na kitu cha kwanza naambia kila kijana anayeniuliza ni hiki: achana na hiyo sauti. Hao watu hawakujua wako zamani. Tarehe 16 Machi 1922, siku umati uliotaka Thuku aachiliwe ulipigwa risasi, kwao ilikuwa Alhamisi tu, kuna jua, kuna deni, na kuna bosi atakayeuliza mbona hukuja kazini.

Halafu angalia umri. Thuku alizaliwa 1895, kwa hivyo siku anakamatwa alikuwa na miaka 27 hivi, kijana wa ofisini, alikuwa anashughulikia simu pale hazina ya serikali. Na chama alichoanza nacho 1921 kilijiita cha vijana. Lakini nenda uone vile anaigizwa, utadhani ni mzee wa kanisa! Ukipewa mtu kama huyo, usijizeeshe. Wewe ni rika lake, hiyo haraka yako, hiyo hasira ya kulipwa kidogo, ilete vile ilivyo. Manake kilichowaudhi hasa kilikuwa hicho hicho, walowezi kutaka mishahara ipunguzwe kwa theluthi moja huku kodi inapanda, na pesa yenyewe imebadilishwa mara mbili, rupia ikatolewa 1920 ikaja florini, na watu hawajaizoea vizuri ikaja shilingi. Sasa fikiria mtu anahesabu mshahara wake jukwaani. Anahesabu akisitasita, anarudi nyuma, anaanza upya. Hapo umepata kitu cha kufanya na mikono badala ya kutazama mbali kwa huzuni.

Mikono ndiyo shida kubwa ya kizazi chetu, niseme ukweli. Muigizaji akikosa la kufanya mkono unaenda mfukoni kutafuta simu. Simu haiko, kanzu yenyewe haina mfuko hapo, lakini mkono unaenda tu, na kidole gumba kinacheza cheza. Mtu wa mbele anaona. Dawa yake ni mpe huyo mtu wako kazi, ashone, apepete, akune upele, chochote.

Sasa kuhusu kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, na hapa nitakaa kidogo. Sheria yake ilitungwa 1915 lakini ilianza kukaza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu lazima awe nacho, kina alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku umeandikwa kazi na siku umeachishwa. Karatasi inakaa ndani ya kikebe cha bati kinaning'inia shingoni. Bila sahihi ya bosi wa kwanza, wa pili hakuandiki. Waigizaji wengi wakipewa hicho kikebe wanakishika kama wako makumbusho, wanakiangalia kwa uchungu ndio watazamaji waelewe ukoloni ulikuwa mbaya. Watazamaji wanaelewa, wamesoma historia shuleni. Mtu aliyevaa hicho kitu mwaka mzima hakiangalii, kinamgonga kifua akiinama, kinaingia kwenye uji, anakirusha mgongoni akila. Kwetu kilikuwa kinapiga kelele wakati wa maneno, ikapendekezwa tukifunge selotepu kisilie. Mimi nikapinga. Halafu kwenye mazoezi ya ile sehemu ya risasi, jamaa mmoja anakimbia, mkono mmoja umeinua kanzu ndio asianguke, na mwingine ukakamata kile kikebe kifuani ukakibana. Hakuna aliyemwambia. Yaani mtu anakimbia kifo na bado anachunga karatasi ya kazi, manake akipona kesho atahitaji. Dairekta akasema hiyo isiguswe, na hadi siku ya mwisho watu walikuwa wananyamaza hapo kuliko kwenye hotuba zote.

Hiyo haitoki kichwani, inatoka kwa kuvaa. Kwa hivyo omba mavazi mapema, wiki ya mwisho ni kuchelewa. Vaa kanzu nyumbani, panda nayo ngazi za ploti, chota maji nayo, songa ugali. Ukikosa kanzu ya kikundi nenda soko la mitumba la Gikomba ujitafutie kitu kirefu cha kufanyia mazoezi. Makoti ya mitumba ni mazuri pia lakini toa zipu uweke vifungo. Kucha za jeli, toa. Na dada zangu, mkipewa Muthoni Nyanjiru, yule mama wa kwenye umati aliyewaambia wanaume wampe suruali zao wachukue nguo yake, tafadhali msimfanye mtakatifu. Hayo yalikuwa matusi ya nguvu, mama amechoka na wanaume wanaojadiliana. Sema kama mtu anatusi.

Utafiti? Nenda Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ambayo enzi hizo ilikuwa Government Road, na ukiona picha za zamani usiangalie yule mheshimiwa wa katikati. Angalia wale wa nyuma, wamesimama vipi, nani hana viatu. Na ukienda ocha, kule kijijini, usiulize shosho wako, yaani bibi, "ukoloni ulikuwaje", atakupa hotuba ile alipewa na redio. Muulize mamake alikuwa anaficha pesa wapi.

Ukibahatika kucheza Kenya National Theatre, toka nje kabla ya shoo usimame tu kwa geti. Mbele yako ni hoteli ya Norfolk. Barabara inaitwa Harry Thuku. Umati ulipigwa risasi maeneo hayo hayo, na inasemekana walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hiyo hoteli nao walifyatua, wakafa watu zaidi ya 20. Sisemi uende ulie hapo, nasema pima umbali kwa macho. Ukirudi ndani utajua sauti ya mtu anayeita mwenzake kutoka upande ule inafaa kuwa ya juu kiasi gani.

Wanafunzi watacheka. Watacheka kaptura, watacheka mzungu akiongea Kiswahili cha "lete maji upesi", wengine watacheka hata mtu akifa. Usipigane nao na usiharakishe, ngoja kicheko kishuke ndio useme lako.

La mwisho ni la mfuko. Tamthilia za zamani huwa ndefu, saa tatu na nusu usiku bado mko jukwaani na matatu za kwenu zimeshapandisha bei, kwa hivyo nauli izungumzwe siku ya kwanza, kabla hujashika skripti. Na uulize pia nani anafua hizo kanzu.